Kazi ya hoteli Dubai kwa viza ya matembezi

Ifikapo Agosti na Septemba, hoteli za Dubai huanza kujaza nafasi. Joto la kiangazi linaelekea ukingoni, na kuanzia Oktoba hadi Aprili wageni wanamiminika. Mwaka 2024 jiji hilo lilipokea wageni milioni 18.72 waliolala angalau usiku mmoja. Wote hao wanahitaji mtu wa kuwapokea, wa kuwatandikia kitanda na wa kuwaletea kahawa mezani. Vijana wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wanalijua hilo, na wapo wanaouza shamba au kukopa kwenye kikoba ili wafike wakiwa na viza ya matembezi mfukoni na vyeti kwenye bahasha.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi huteleza. Viza ya matembezi inakuruhusu kuwapo nchini kwa siku zilizoandikwa. Ukiwa nayo unaweza kupeleka wasifu wako hotelini, kufanyiwa usaili, hata kupewa ofa. Kufanya kazi hakuruhusiwi, hata zamu moja ya kuosha vyombo. Mwaka 2024 Umoja wa Falme za Kiarabu ulipandisha faini kwa mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali: zamani ilikuwa kati ya dirham 50,000 na 200,000, sasa ni kati ya dirham 100,000 na milioni 1. Basi meneja wa mgahawa akikwambia, “Njoo tukujaribu wiki moja, ukifaa tutakushughulikia makaratasi,” ama haijui sheria ama anatafuta mikono ya bure. Kwa maoni yangu, mara nyingi ni hilo la pili. Ukaguzi ukifika, yeye atatozwa faini, nawe unaweza kurudishwa kwenu bila hata mshahara wa hiyo wiki. Na siku za viza zikiisha ungali nchini, kila siku inayozidi inakugharimu dirham 50.

Ipo pia viza ya kutafuta kazi, iliyoanza mwaka 2022. Haihitaji mdhamini, na hutolewa kwa siku 60, 90 au 120. Inavutia kuisikia, ila imewekwa kwa ajili ya wataalamu na wahitimu wa vyuo vikuu vinavyotajika duniani. Mhudumu wa meza au msafishaji wa vyumba haimhusu. Wakala akikuuzia hiyo huku akijua umesoma hadi kidato cha nne, mwombe akuonyeshe masharti yake kwa maandishi.

Sasa hesabu. Chukua viza ya siku 60. Siku za kwanza zinakwenda kwenye laini ya simu na kutafuta pa kulala, ambapo kwa wengi ni kitanda cha kukodi ndani ya chumba cha watu sita au wanane katika mitaa kama Deira au Satwa. Usaili wa hoteli kubwa hupitia idara ya rasilimali watu, kisha mkuu wa idara husika, na pengine meneja mkuu. Baina ya hatua moja na nyingine unasubiri simu, na unakula. Ofa ikipatikana, mwajiri ndiye anayeomba kibali, halafu kuna kupima damu na kupigwa picha ya kifua. Anayetua akiwa na hela ya mwezi mmoja tu, wiki ya nne inamkuta hana nguvu ya kukataa chochote, na wanaowinda wafanyakazi wa bei chee wanamjua hata kwa viatu.

Kwa hiyo, kama una cheti na uzoefu, tafuta kazi hiyo ukiwa nyumbani. Kampuni kama Jumeirah, Rotana, Accor, Hilton na Marriott hutangaza nafasi kwenye tovuti zao zenyewe, na usaili mwingi siku hizi hufanyika kwa video. Ukipatikana, unaingia nchini kwa viza ya kazi aliyoiomba mwajiri. Sitakuficha kwamba hoteli ndogo na migahawa hupenda kumwona mtu ana kwa ana, na wapo waliopata kazi kwa kubisha hodi mlango hadi mlango. Ukiamua njia hiyo, epuka Juni na Julai, miezi ambayo hoteli nyingi zinawapa watu likizo na kubana matumizi.

Usaili wenyewe hauna maneno mengi. Anayeomba kazi ya mezani anaweza kupewa trei yenye glasi zilizojaa maji na kuambiwa azunguke nayo chumbani, kisha aulizwe: mgeni analalamika supu imepoa, utafanyaje? Jibu wanalolitaka ni samahani kwanza, supu mpya pili, na msimamizi kujulishwa tatu; atakayeanza kumlaumu mpishi atakuwa amejimaliza. Anayeomba usafi wa vyumba hutandika kitanda huku akitazamwa, na jicho la msimamizi liko kwenye kona za shuka. Si uonevu: katika hoteli nyingi mtu mmoja husafisha vyumba kama 14 hadi 16 kwa zamu. Kwenye wasifu, yale maneno ya “mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii” yafute. Andika kwamba ulihudumu kwenye mgahawa wa viti 120 huko Nungwi au Diani, ukashika meza ngapi kwa zamu, na mfumo gani wa malipo ulitumia. Cheti cha Utalii College ya Nairobi au cha Chuo cha Taifa cha Utalii cha Tanzania kitaje juu kabisa, pamoja na mafunzo ya usafi wa chakula kama unayo.

Ofa ikija, isome kama mhasibu. Mshahara huandikwa kwa mafungu: wa msingi, kisha posho. Tuseme hoteli ya kwanza inatoa dirham 1,200 za msingi pamoja na malazi, usafiri na chakula cha kazini. Ya pili inatoa jumla ya dirham 1,800, lakini za msingi ni 800 tu, na chumba unajitafutia. Ya pili inang’aa. Lakini kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, mradi umetimiza mwaka. Ya kwanza itakupa dirham 840 kwa mwaka, ya pili 560. Na kodi ya kitanda hatujaitoa bado.

Angalia pia saa. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inaweka saa 48 kwa wiki, na muda wa ziada hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25. Nyongeza ya asilimia 50 kwa kazi ya ziada kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri haiwahusu wafanyakazi wa zamu, na hoteli ni zamu tupu. Ulizia pia zamu iliyokatwa, ile ya kufanya kazi asubuhi, kukaa bure mchana, kisha kurudi jioni. Siku inakwisha yote ingawa saa zilizolipwa ni nane.

Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kushikilia pasipoti yako nako kumekatazwa. Ofa halali hupitia wizara ya kazi, MOHRE, ina nambari ya muamala unayoweza kuihakiki kwenye mfumo wa wizara, na mkataba utakaosaini baadaye lazima ulingane nayo.

Kabla hujampa wakala hata senti, Mkenya atazame orodha ya mawakala waliosajiliwa na NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya, na Mtanzania aulize TaESA, wakala wa huduma za ajira wa Tanzania. Jina la wakala wako halimo? Bakia na hela yako.