Upepo na Unyevu: Kweli au Si Kweli?

"Upepo ukivuma sana, unyevu hewani hupungua."
SI KWELI. Upepo ni mchukuzi: hukuletea hewa ya kule unakotoka. Upepo wa alasiri unaoingia Dar es Salaam kutoka baharini huja na mvuke wake, hata uvume kwa nguvu kiasi gani. Julai pale Dodoma, upepo mkali hupasua midomo, kwa kuwa hewa inayofika bara msimu huo ni kavu.

"Pangaboi hukausha hewa ya chumbani."
SI KWELI. Mvuke uliomo chumbani unabaki mumo humo. Kazi ya pangaboi ni kuondoa tabaka jembamba la hewa iliyoshiba mvuke, lile linaloganda juu ya ngozi. Tabaka hilo likiondoka, jasho hukauka, na likikauka huchukua joto la mwili. Aliyepoa ni wewe, si chumba.

"Nguo hukauka kwa upepo hata bila jua."
KWELI, ila kwa mpaka. Unyevu ukikaribia asilimia 100, upepo hauna tena pa kuyapeleka maji. Ndiyo maana wakati wa masika nguo hushinda kambani na kurudi ndani na uvundo.

"Usiku wa upepo ndio wenye umande mwingi."
SI KWELI. Umande hupenda usiku mtulivu usio na mawingu. Majani hupoa, hewa inayoyagusa nayo hupoa, mvuke unageuka matone. Upepo huivuruga hewa hiyo na kuichanganya na ya juu yenye joto zaidi.

"Mchana upepo huongezeka na asilimia ya unyevu hushuka, basi upepo ndio uliouteremsha."
SI KWELI MARA NYINGI. Wote wawili ni watoto wa jua. Kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kiwango cha mvuke kinachohitajika kuishibisha hewa hukaribia kuwa maradufu. Mvuke ule ule wa asubuhi, saa nane mchana huhesabiwa kuwa asilimia ndogo. Joto hilo hilo ndilo linaloisukuma hewa ikawa upepo.

Mabaharia wa pwani hawakuziita pepo zao kwa mwendo wake. Waliziita kwa zitokako, kaskazi na kusi. Anayetaka kujua unyevu wa kesho naye aanzie hapo.