Kuipima Nafsi Kabla ya Kisu: Tohara ya Mtu Mzima Tarime na Serengeti

Madaktari wa zama hizi wanapokusudia kumfanyia mtu upasuaji usio wa dharura, yaani ule unaoweza kungojea, hawatosheki na kupima damu na presha. Huiangalia na nafsi yake: je, akili imetulia, ameelewa anachofanyiwa, anakitaka mwenyewe au amesukumwa? Anayejitolea figo kumpa ndugu yake, kwa mfano, huulizwa hayo akiwa faraghani kabla ya kukubaliwa. Wako wanaodhani kuwa haya ni mambo ya kigeni yasiyo na asili katika fiqhi. Sisi tunaona kinyume chake, na mfano wetu ni tohara ya vijana na watu wazima katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Wakurya wa huko hutahiri, na kwa mila yao kijana husimama mbele ya ngariba bila ganzi. Akionyesha maumivu, aibu humfuata yeye na jamaa zake. Aliyetahiriwa hospitalini kwa ganzi huweza kudharauliwa kuwa ni mwoga, jambo ambalo watafiti waliofika Tarime waliliandika mwaka 2011. Upande wa pili wako Wajaluo na Wasukuma wanaoishi mkoani humo, ambao kwa asili hawakuwa na jando. Husilimu mmoja wao akiwa na miaka arobaini, na siku hiyohiyo waumini, kwa nia njema kabisa, wakamwambia akatahiriwe. Kijana yule anaogopa kuitwa mwoga, na huyu anaogopa kuonekana hajasilimu sawasawa. Nani amewauliza?

Tuanze na hukumu. Kwa Imam Shafi'i tohara ya mwanamume ni wajibu. Kwa Abu Hanifa na Malik ni suna. Lakini hao hao waliosema ni wajibu hawakuiacha bila mipaka. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu nyingi, ameeleza kuwa asiyeweza kuistahimili huahirishiwa, na kuwa anayemtahiri mtu katika umri asioweza kustahimili huenda akapasiwa na kisasi, isipokuwa mzazi. Tazama uzito wa maneno hayo! Mwenye kisu ametakiwa ajue hali ya aliye mbele yake kabla hajamgusa. Ibn Qudama naye katika al-Mughni amesema kuwa mwenye kusilimu ukubwani akiihofia nafsi yake, wajibu humwondokea, na amenukuu kwa Hasan al-Basri ruhusa pana zaidi.

Ama hofu, isidharauliwe. Amr bin al-As (r.a.) katika vita vya Dhat as-Salasil alitayamamu usiku wa baridi kwa kuhofia kufa akikoga, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa hakumlaumu. Na katika Bukhari, Ibn Abbas (r.a.) amesema kuwa walikuwa hawamtahiri mtu mpaka akomae.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya hiari, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonyesha kuwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa Ukimwi na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Tanzania nayo ikaanzisha huduma hizo. Katika mpango huo hutangulia ushauri nasaha, kisha idhini. Na aliye chini ya miaka 18 huidhiniwa na mzazi au mlezi. Ushauri huo usichukuliwe kuwa ni foleni ya kupita tu. Mtu akae peke yake na mshauri, bila baba, bila imamu, bila rika lake. Aulizwe kama ametishwa, anaogopa nini, amewahi kuugua akili, anajua kuwa atakaa wiki sita bila kumwendea mkewe. Akionekana amevurugika, arudishwe nyumbani na apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inamdhaminisha anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, na wanavyuoni wametaja pia dhamana ya anayekata bila idhini.

Hapa mwanafunzi atauliza: na mabinti je? Ukeketaji wa Wakurya haumo katika mlango huu. Hakuna kipimo cha nafsi kinachoweza kuuhalalisha, kwani binti anayekimbilia nyumba salama za Masanga au Mugumu ameshatoa jibu lake. Ni kweli vitabu vya Kishafii vinataja khitani ya mwanamke, lakini madhara yaliyothibitika yameibadilisha fatwa. Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, aliiharamisha mwaka 2007. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inamwadhibu anayemkeketa aliye chini ya miaka 18.

Tumrejee aliyesilimu, akaahirishiwa. Swala yake ni sahihi na ndoa yake ni sahihi. Katika josho la janaba aoshe chini ya govi, na akitimiza tohara yake ya maji anaweza hata kuswalisha. Wenye kumkataa nyuma ya safu watuletee dalili.