Maneno ya Imani Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Sisi watu wa kanisa tumezoea kutaja jina la Mungu katika mazungumzo ya kila siku. Mgeni akiingia twasema, "Bwana asifiwe." Tukiulizwa habari za kesho twajibu, "Mungu akipenda." Desturi hii ni njema. Lakini hapa Butembo na Beni tunakaa pamoja na Waislamu, na watu washikao mambo ya wazee, tena na wengine wasioshika dini yo yote. Wote huugua, na wote huja hospitali. Imetupasa kufikiri jinsi wanavyosikia maneno yetu.

1. Salamu. "Bwana asifiwe" ina jibu moja tu, yaani "Amina". Asiyeamini afanye nini? Akinyamaza, ataonekana hana adabu. Akijibu, amesema neno lisilo moyoni mwake. Na mgonjwa aliyeanza kujificha katika salamu aweza kujificha tena mganga amwulizapo amekunywa dawa gani za kienyeji, au ni nani aliyekufa nyumbani kwake. Basi umsalimu, "Jambo, Mama," au "Habari ya asubuhi, Baba." Salamu hiyo kila mtu aweza kuijibu kwa moyo mweupe.

2. "Tumwachie Mungu." Mwamini asemapo hivi, maana yake ni, "Tumeze dawa, wala tusiogope." Asiyezoea usemi wetu husikia, "Hakuna la kufanya tena," naye hubaki nyumbani. Kumbuka Ebola iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Dawa zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa waliopewa moja ya zile mbili zilizo bora, virusi vikiwa bado vichache katika damu, walipona wapata 9 katika 10. Wale ambao virusi vilikuwa vimekwisha kuwa vingi, wengi wao walikufa, ijapokuwa walipata dawa zile zile. Unaona, siku moja ya kukawia ni kitu kikubwa. Kwa hiyo sema wazi: "Twende leo, dawa iko." Nawe umwombe Mungu njiani, moyoni mwako.

3. Dhambi na ugonjwa. Usimwambie mgonjwa kwamba Mungu anamwadhibu, wala usimwite mpagani. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa na kutafuta kosa lake, ndipo walipomwumiza, na mwisho Mungu aliwakemea wao. Hata wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

4. Maombi. Uliza kwanza: "Baba, wapenda nikuombee?" Mtu aliyelala kitandani hawezi kuondoka akuache, kwa hiyo ni lazima aweze kukataa bila hofu. Akisema hapana, mletee uji wake ungali moto, umfunike blanketi, vile vile kama angalisema ndiyo. Sheria ya nchi yetu nayo yasema hivyo: Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 22, yampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini.

Labda utauliza, "Je, huku si kuionea haya Injili?" Sivyo. Soma tena habari za Msamaria. Hatusikii kwamba alimwuliza yule majeruhi dini yake. Alimfunga jeraha zake, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia mwenye nyumba ya wageni. Mgonjwa akipona, huenda atakuuliza mwenyewe kwa nini ulimtunza hivyo. Hapo mwambie yote, maana amekuuliza, naye yu tayari kusikia. Na asipouliza kamwe, amepona, nawe umefanya kazi uliyopewa.