Kusafisha Uso wa Bloku ya Injini

Injini ya motokaa ina sehemu kubwa mbili zinazokutana: bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka, na silinda hedi, ambayo ndiyo kifuniko chake. Baina yake hulazwa gasketi. Kazi ya bamba hilo jembamba ni kutenga vitu vitatu visivyopaswa kuchanganyika: gesi ya moto, mafuta ya kulainishia na maji ya kupozea. Katika injini ya dizeli, kanieneo ya gesi hiyo huweza kuzidi mara 100 ya kanieneo ya angahewa.

Gasketi iunguapo, fundi huifungua hedi na kukuta ukoko wa gasketi kuukuu, masizi na kutu vimegandamana na chuma. Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kusafisha ni kung'arisha. Hivyo hushika tupa au mashine ya msasa na kusugua mpaka uso umetemete. Kumbe litakiwalo ni kuondoa uchafu bila kuondoa chuma.

Kwa nini uso uwe sawa?

Gasketi huziba kwa kubanwa. Penye chembe ya uchafu hubanwa kupita kiasi, na kando yake hulegea. Penye bonde haibanwi ya kutosha. Mashine ya msasa ikikaa mahali pamoja kwa sekunde chache tu, yaweza kuchimba bonde lisiloonekana kwa macho, hasa katika alumini, ambayo ni laini.

Zaidi ya hayo, sehemu hizo mbili hazitulii. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi ya alumini yenye urefu wa milimita 400, ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 90 za Selsiasi, hurefuka milimita 0.64 hivi, ilhali bloku ya chuma hurefuka 0.31 tu. Basi kila injini iwakapo na kupoa, hedi huvutana na gasketi, na mikwaruzo mikali huikereza kama tupa.

Hatari ya vumbi la msasa

Misasa mingi hutengenezwa kwa oksidi ya alumini, ambayo ugumu wake ni 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10. Chembe zake zikiangukia njia za mafuta, huchukuliwa hadi kwenye beringi za krankishafti, ambako utando wa mafuta hauzidi sehemu ndogo ya milimita. Huko hujikita katika madini laini ya beringi na kuisaga krankishafti. Kwa hiyo injini iliyofunguliwa kwa sababu ya gasketi huja kufa kwa maradhi mengine kabisa. Kampuni ya General Motors ya Marekani imewahi kuwaonya mafundi wake juu ya jambo hilo.

Njia iliyo salama

Kwanza, silinda na matundu yote yazibwe kwa vitambaa safi. Ukoko ulainishwe kwa dawa ya kuyeyushia gasketi, kisha ukwanguliwe taratibu kwa kikwanguo cha plastiki kilicholazwa, si kusimamishwa. Petroli isitumiwe, kwani mvuke wake hulipuka upesi. Gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo nyuzi zake zivutwapo huleta saratani ya mapafu. Hizo zilowanishwe, wala zisisuguliwe kavu.

Matundu ya bolti nayo yakaushwe. Kimiminika hakishindiliki, bolti ikikazwa juu ya maji au mafuta, kanieneo yake yaweza kupasua bloku.

Mwisho, rula ya chuma iliyonyooka ilazwe juu ya uso, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na nafasi iliyo chini yake ipimwe kwa fila. Kikomo hutajwa katika kitabu cha injini, na aghalabu hakizidi milimita 0.1. Macho hutambua uso unaong'aa; uso ulio sawa hutambuliwa kwa kipimo.