Nduthi ya Bei Poa: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kutuma Pesa

Tangazo huwa hivi: "Boxer 150, injini haijafunguliwa. 55K tu. Logibuku ilipotea lakini hakuna shida, mwenyewe yuko. Tuma 5K nikushikie, kuna mtu anakuja kuichukua jioni." Picha tatu, na namba ya simu chini yake. Kama umetafuta pikipiki wiki mbili na mfukoni una elfu sitini, ni vigumu kulipita tangazo kama hilo.

Dawati letu la wateja hupokea simu za watu waliofika hapo wakatuma pesa. Swali lao huwa moja: "Mnaweza kunirudishia?" Na jibu letu, mara nyingi, si lile wanalotaka kusikia. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ukituma kwa hiari yako, kwa namba uliyoikusudia, na aliyepokea ameshazitoa kwa wakala, hakuna tena pesa za kurudisha. Kwa hivyo leo tuzungumze mapema, kabla hujaweka namba ya siri.

Unanunua vitu viwili

Ukinunua pikipiki iliyotumika, unalipia chuma na unalipia karatasi. Bei ikiwa chini sana, moja kati ya hivyo viwili ina kasoro.

Kasoro ya chuma si aibu. Pikipiki imezeeka, imebeba mizigo, au mwenyewe anahitaji karo ya mtoto wiki hii. Hapo unaweza kupata bei nzuri kwa haki. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, na ukiikuta tayari ni moto, subiri ipoe. Injini inayosumbua kuwaka huonekana ya kawaida ikishapashwa moto. Ikitoa moshi wa bluu, inachoma oili, na gharama ya kuifungua ni yako, kwa hivyo itoe kwenye bei.

Kasoro ya karatasi ni jambo jingine, kwa sababu fundi hawezi kuitengeneza. Logibuku "imepotea", au ina jina la mtu wa tatu ambaye hapatikani, au pikipiki bado iko kwenye mkopo. Hii ya mkopo tuielewe vizuri, maana bodaboda wengi hununua kwa kulipa kidogo kidogo kila siku. Kabla deni halijaisha, kampuni iliyokopesha huwa na haki juu ya pikipiki, na mara nyingi jina lake liko kwenye usajili pamoja na la mwendeshaji. Akikuuzia kabla hajamaliza kulipa, umenunua deni la mwenzako. Siku kampuni itakapofuata pikipiki yake, ambayo huenda ina traka, wewe ndiwe utakayeachwa na helmeti mkononi.

Hesabu ya kuuza tena

Wengi hupiga hesabu ya kununua tu. Lakini pikipiki ni mali utakayoiuza siku moja, kwa hivyo gharama yake ya kweli ni bei uliyonunua ukitoa bei utakayouzia.

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kuonyesha tu. Jamaa wa kwanza ananunua pikipiki kwa shilingi 80,000, logibuku safi, umiliki unahamishiwa kwake. Jamaa wa pili ananunua ya aina ileile na umri uleule kwa 50,000, bila logibuku. Anamcheka mwenzake, ameokoa elfu thelathini.

Miaka miwili baadaye wote wanauza. Wa kwanza anapata 55,000. Pikipiki imemgharimu 25,000, yaani kama 1,040 kwa mwezi. Wa pili anapigiwa simu na wateja, wanauliza logibuku, wanakata. Mwishowe anabaki na broka wa spea anayempa 15,000 akitazama saa. Imemgharimu 35,000, karibu 1,460 kwa mwezi. Ile bei poa ilikuwa ghali zaidi kwa elfu kumi, na hiyo ni kama alibahatika kuendesha miaka miwili bila kusimamishwa barabarani na kuulizwa pikipiki ni ya nani.

Maana hilo swali lina uzito. Mtu asiye mwenye mali hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Pikipiki ikigundulika iliibwa, inarudi kwa mwenyewe, na pesa zako utamdai aliyekuuzia, kama utampata. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Adhabu inasema anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba iliibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Boxer isiyo na karatasi, inayouzwa nusu bei usiku kando ya barabara, ni sababu tosha ya kushuku.

Mwizi hajali ulinunua kwa bei gani

Kuna imani kwamba pikipiki ya bei ya chini haiibwi. Fikiria upya. Mwizi hakuinunua, kwa hivyo shilingi yoyote atakayopata ni faida tupu.

Tena, kile kinachofanya pikipiki iuzike haraka ndicho kinachofanya iibwe haraka. Boxer na TVS hushika bei kwa sababu kila fundi anazijua na spea ziko kila soko. Basi hata mwizi ana soko. Akishaifungua vipande, tangi, magurudumu na kabureta havina namba ya usajili, na kila kimoja kina mnunuzi.

Bima nayo isikudanganye. Bima ya lazima, ile ambayo wengi wetu tunayo, humfidia mtu mwingine ukimuumiza. Pikipiki yako ikiibiwa, hailipi kitu. Kwa pikipiki ya bei ya chini, kinga yako kubwa ni ile unayoiweka wewe mwenyewe.

Mwizi anaogopa vitu viwili: muda na kelele. Kufuli la usukani pekee halimchukulii muda. Weka mnyororo mzito unaopita kwenye gurudumu la nyuma na fremu, kisha ufunge kwenye kitu kisichong'oka. Mwambie fundi akuwekee swichi ya siri ya kukata moto, mahali unapopajua wewe tu. Usiku iingize ndani kama nafasi ipo. Na kama ni ya kazi, waambie wenzako wa steji unampeleka mteja wapi, hasa usiku, na usinywe soda uliyonunuliwa na mteja usiyemjua.

Hatua tano kabla pesa haijatoka

Moja, usitume pesa ya "kushikiwa". Kama hujaiona pikipiki na hujaigusa, hakuna cha kushikiwa. Anayekuharakisha anataka usipate muda wa kufikiri.

Mbili, tafuta rekodi. Omba namba ya usajili, ingia kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen, na utafute taarifa za hiyo pikipiki. Ada ya eCitizen hulipwa kwa Paybill 222222. Mtu akikwambia umtumie yeye binafsi "akusaidie na NTSA", hiyo pesa haiendi serikalini.

Tatu, linganisha. Namba ya chesisi huwa imegongwa kwenye fremu, kwa kawaida shingoni karibu na usukani. Namba ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zote mbili zilingane na rekodi. Ukiona pamesuguliwa, pamechomelewa au pamepakwa rangi mpya hapo tu, sema asante na uondoke.

Nne, anzeni kuhamisha umiliki mkiwa pamoja. Kutaneni mchana, kwenye saiba au mahali penye watu. Muuzaji anaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako. Mnaweza kukubaliana ulipe sehemu anapoanzisha na salio uhamisho ukishaonekana kwako. Andikeni makubaliano mafupi yenye namba za vitambulisho, chesisi, injini, bei na shahidi. Usiahirishe: Sheria ya Trafiki hairuhusu pikipiki kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kama mmiliki mpya hajasajiliwa.

Tano, lipa jina sahihi. Kabla ya kuthibitisha, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Soma. Linapaswa kuwa jina lililo kwenye kitambulisho na kwenye logibuku. "Tuma kwa namba ya shemeji, yangu ina deni" ni sentensi inayotosha kusimamisha biashara. Kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, kwa hivyo bei ya pikipiki iliyotumika inaingia bila shida na huna sababu ya kubeba noti. Noti haziachi alama, lakini muamala una tarehe, saa, jina na namba ya kumbukumbu. Usifute meseji, piga picha ya skrini, na upakue stetimenti ya mwezi huo uihifadhi pamoja na makubaliano.

Ukiwa wewe ndiye unauza

Usiachilie ufunguo kwa sababu umeona meseji. Meseji ya uongo ni rahisi kuandika na inaweza kufanana kabisa na yetu. Angalia salio lako mwenyewe, kisha ndipo umpe ufunguo. Na mnunuzi akiondoka halafu upate taarifa kwamba ameomba muamala urudishwe, tupigie mara moja ukiwa na yale makubaliano. Ndiyo yatakayoonyesha kwamba hakukosea namba.

Pia hakikisha umiliki umeondoka kwako. Kisheria, mwenye jina kwenye usajili ndiye huchukuliwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Pikipiki uliyouza mwaka jana ikigonga mtu leo, mlango utakaobishwa kwanza ni wako.

Ikiibiwa

Nenda kituo cha polisi cha karibu mara moja, uandikishe na uchukue namba ya OB. Beba logibuku au nakala yake, picha ya pikipiki, na namba za chesisi na injini. Kwa hivyo zipige picha leo, ujitumie kwa barua pepe au umtumie mtu wa nyumbani, kwa maana anayechukua pikipiki mara nyingi huchukua na simu.

Simu nayo ikienda, azima ya mtu na utupigie tufunge laini kabla hujafanya jambo lingine lolote. Pikipiki inaweza kupatikana kesho, lakini salio la siku nzima huondoka kwa dakika chache.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa pikipiki, daftari ni logibuku yenye jina lako na muamala wenye jina la aliyekuuzia. Ukiwa na hivyo viwili, hata nduthi ya bei ya chini ni mali. Ukivikosa, umekodi tu pikipiki ya mtu usiyemjua, na hujui ataijia lini.