Uso Anaoujua Mgonjwa Peke Yake

Kazi ya kwanza ni kuchora uso. Mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitukanwa na sauti wasiyoisikia wengine anaketi mbele ya kompyuta, mtaalamu wake pembeni, anaanza kuchagua: nyusi hizi au zile, kijana au mzee, mwanamume au mwanamke. Halafu sauti yenyewe. Ishushwe kidogo, ikwaruze... hapo, huyo ndiye. Uso ukishakamilika, mtaalamu huhamia chumba kingine, na kutoka huko huzungumza kwa sauti mbili: mara yake mwenyewe, akimtia moyo mgonjwa, mara ya yule mchokozi wa kwenye kioo. Mgonjwa humjibu. Wiki baada ya wiki mchokozi hulegea, mpaka mwenye nguvu anakuwa yule aliyekuwa akionewa.

Tiba hii, iitwayo AVATAR, ilibuniwa London na daktari wa magonjwa ya akili Julian Leff. Katika jaribio la watu 150 lililochapishwa mwaka 2018, baada ya wiki 12 usumbufu wa sauti ulikuwa umepungua zaidi kwa waliopata tiba hii kuliko kwa wenzao waliopewa ushauri nasaha. Kufika wiki ya 24 tofauti ilikuwa imefutika, kwani hao wa ushauri nao walipata nafuu. Kwa hiyo si muujiza. Kinachonivuta mimi ni ule uso: hakuna fundi wa kompyuta, awe hodari vipi, angeuchora bila mwenye kuujua kukaa naye.

Uhalisia pepe unapanua jambo hilohilo kutoka uso mmoja hadi mtaa mzima. Unavaa miwani mikubwa inayoziba macho yote. Ukigeuza kichwa, dunia iliyochorwa inageuka nawe. Unajua fika kwamba umo ofisini kwa daktari, ila moyo unakwenda mbio, na ujasiri unaouzoea humo hutoka nao nje. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la kutibu hofu ya kuwa mahali pa juu kwa njia hii. Hapo mchoraji hahitaji kuuliza sana. Shimo ni shimo.

Shida inaanza pale kinachotisha kinapokuwa jicho la mtu. Daniel Freeman, mwanasaikolojia wa Oxford, aliwahi kuwapandisha watu 200 wa kawaida kwenye treni ya chini ya ardhi ya kuchorwa, yenye abiria waliotengenezwa wasionyeshe uadui wala urafiki. Wengine waliwaona abiria hao watu wema tu. Wengine walishuka wakiamini kuna aliyewakodolea macho kwa nia mbaya. Nyuso ni zilezile! Mchoraji anayetegemea macho yake mwenyewe hapo amepotea.

Ndiyo maana Freeman na wenzake, walipotengeneza programu ya gameChange kwa ajili ya watu wenye skizofrenia na maradhi ya jamii hiyo wanaoogopa kutoka nyumbani, waliwaingiza wagonjwa katika ubunifu tangu mapema, wakishirikiana na shirika la McPin Foundation na wabunifu wa chuo cha Royal College of Art. Programu ina mandhari sita: mkahawa, baa, basi, duka dogo, chumba cha kusubiria daktari, na barabara iliyo nje ya mlango wa nyumba. Tazama udogo wake. Mtu mwenye afya angewaza uwanja wa mpira. Aliyekwisha kusimama nyuma ya mlango wake, ufunguo mkononi, anajua safari inakwamia wapi. Katika jaribio la watu 346 nchini Uingereza, lililochapishwa mwaka 2022, nafuu kwa jumla ilikuwa ndogo, lakini waliokuwa wamejifungia zaidi ndio waliofaidika zaidi, na baada ya miezi sita walikuwa bado nayo.

Basi lile la Uingereza halitamfaa abiria wa Mbagala, Dar es Salaam. Kwenye daladala utasukumwa, utaambiwa usogee, konda atagonga bodi juu ya kichwa chako na kukuuliza unashuka wapi mbele ya watu wote. Mgonjwa gani anaogopa lipi kati ya hayo? Mimi sithubutu kukisia.

Nina shaka na taasisi zinazomwita mgonjwa programu ikishakamilika, achague rangi ya kitufe na kupigwa picha. Ila hata wanaoanza mapema wana mtego wao: anayehitajika zaidi kwenye kikao cha ubunifu ni yule asiyeweza kutoka nyumbani. Wanaofika ni wale waliokwisha kupata nafuu, na kumbukumbu ya hofu si hofu yenyewe. Kikao kimfuate, basi, na nauli ya wanaofika iende kwake kama posho. Akikataa kufungua mlango, ujumbe wa sauti wa dakika mbili, akieleza anachosikia barabarani wakati huo, unatosha kuanzia.