Malezi ya Gredi ya 7 hadi 9 (Sehemu ya Pili): Rejista Husema Kabla ya Mtoto

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Sekondari Msingi za Kenya zilivyoanza Januari 2023 katika nyua za shule za msingi. Leo tutazame jinsi shule hizo zinavyozungumza na wazazi, na kwa nini mzazi huitwa mambo yakiwa yameshaharibika.

Gredi za chini, mwalimu mmoja hushinda na darasa lake kutwa. Mtoto asipofika, anajua, na huenda anamjua hata jirani wa kuulizwa. Gredi ya 7, mwalimu wa Hisabati anatoka, wa Kilimo anaingia, na kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga simu nyumbani. Rejista hutiwa alama asubuhi, ikarudi kabatini.

Hebu tuchukue mfano wa ukurasa mmoja wa rejista hiyo. Mvulana hakuja Ijumaa ya kwanza, wala ya pili, wala ya nne. Ni siku tatu tu kwa mwezi, nani atashtuka? Lakini Ijumaa ni siku ya michezo, wavulana hubadilisha nguo pasipo mwalimu, na wakubwa wamembandika jina ambalo hataki kulisikia. Nyumbani husema tumbo linamuuma, mama akamchemshia tangawizi. Jumatatu anarudi, ila mkono hauinui tena darasani. Utoro, uonevu na kukosa ari, mambo ambayo shule huyafungulia mafaili matatu, hapa ni jambo moja.

Mzazi naye hupoteza hesabu. Watafiti Todd Rogers na Avi Feller walifanya jaribio huko Philadelphia, Marekani, likihusisha familia zaidi ya 28,000, na matokeo yakachapishwa 2018. Wazazi walitumiwa barua zenye idadi ya siku ambazo watoto wao walikuwa wamekosa. Utoro sugu ukapungua kwa asilimia 10 au zaidi. Hakuna aliyetishwa, walionyeshwa hesabu tu.

Kwetu wapo wakuu wa shule wanaopenda kuanza na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo chini yake mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Sheria ina mahali pake. Ila mama muuza mboga akitajiwa faini hiyo kwenye simu ya kwanza, ya pili hapokei.

Afadhali ujumbe kama huu: “Habari za jioni, Mama Baraka. Mimi ni mwalimu wake wa darasa. Baraka amekosa Ijumaa tatu mwezi huu. Kazi yake ya Sayansi ilikuwa nzuri sana, tungependa aimalize. Je, kuna jambo amekueleza?” Una hesabu, una sifa ya kweli, na unamwachia mama nafasi ya kusema. Ulinganishe na kadi ya ripoti inayosema mtoto “anakaribia matarajio”. Matarajio ya nani? Mama afanye nini leo usiku?

Ikidhihirika ni uonevu, familia mbili zisiketishwe chumba kimoja siku ya kwanza. Nimeona vikao vya namna hiyo vikigeuka ugomvi wa wazazi, watoto wakibaki kutazama. Mwalimu amsikilize kwanza aliyeonewa, na amwambie mzazi wake waziwazi nani atakuwa uwanjani Ijumaa ijayo.

Wanaosema tungoje mtihani wa Gredi ya 9 wamechelewa. Katika alama za mtihani huo, KJSEA, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20. Kazi ya mradi iliyofanywa Ijumaa mtoto hayupo imeshampita.

Linabaki suala la salio. Walimu wengi hutumia simu zao na pesa zao, ilhali ujumbe mfupi hugharimu takriban shilingi moja. Bodi ya shule iliweke hilo kwenye bajeti, na wazazi waliulizie katika mkutano wa muhula, kabla ya ajenda ya michango kumaliza saa zote. Wiki ijayo tutawageukia wazazi wa mtoto anayewaonea wenzake, ambao aghalabu ndio wa mwisho kuamini.